Anayekaa Mbele Ndiye Anayechagua Albamu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari hata hatua moja. Niliripoti Bura saa moja asubuhi, kwenye kituo cha afya kilichohudumia wakulima wa mradi wa unyunyizaji. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi, na leseni nilikuwa nimeitoa mfukoni mara kadhaa njiani kuhakikisha bado ipo. Msimamizi wa Usafiri, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alinikabidhi kitabu badala ya ufunguo.

"Gari lenyewe ni hiki," akaniambia. "Lile la nje ni chuma tu."

Kilikuwa kitabu cha safari. Kila safari ina mstari wake: unatoka wapi, unakwenda wapi, kilomita za kuanzia na za kumalizia, umembeba nani, na nani ameidhinisha. Mwisho kabisa kuna safu pana iliyoandikwa Maelezo. Bila saini ya msimamizi, gari la serikali haling'oki. Siku ile nzima nilifundishwa kujaza mistari. Jioni nikaonyeshwa sanduku baridi la kubebea chanjo, na kipimajoto chake kidogo ambacho dereva hukiangalia kila anaposimama, maana chanjo zikipata joto hazifai tena, na wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Siku ya tatu nikapewa ufunguo. Nilimpeleka Daktari Mkuu kwenye vijiji vya wakulima kandokando ya mifereji, kwa landkruza nyeupe yenye redio ya kanda. Tulipotoka langoni alifungua mkoba wake, akatoa kanda ya rumba ya Kongo na kuitia. Sikuwa na habari na rumba. Kwetu Ngao, kando ya mto, nilikulia kwenye kwaya; mama yangu aliimba sauti ya pili kwa miaka mingi. Wimbo wa tatu ulipoanza polepole nilinyoosha mkono kuusogeza mbele, nikidhani namsaidia.

"Wacha," akasema Daktari. "Albamu ni kama dozi. Mgonjwa anayeruka vidonge hatujui kama dawa imeshindwa au yeye ndiye aliyeshindwa."

Tukasikiliza upande wa kwanza, tukageuza, tukasikiliza wa pili. Kanda ilipokwisha akaniuliza ni wimbo upi umenishika. Nikamwambia ule wa polepole niliotaka kuuruka. Akauliza kwa nini. Nikasema ni mzuri tu.

"Fikiria. Utanijibu tukirudi."

Nilifikiria siku nzima huku akipima watoto. Tuliporudi nikamwambia kwamba mle ndani gitaa moja linauliza na jingine linachelewa kujibu, nami nilikuwa nangoja jibu. Hakusifu wala hakucheka. Alisema tu, "Basi tangu leo anayekaa mbele atachagua albamu, na kila aliyemo ataisikiliza mpaka mwisho, kisha atataja wimbo wake na sababu." Hiyo ikawa sheria ya gari. Nilipohamishwa nilihama nayo.

Baada ya Bura nilipelekwa Kipini. Huko niliendesha zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye barabara, na nikajifunza kuachia upepo kidogo kwenye matairi ili yapanuke na yasizame. Mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Afya ya Umma, Bwana Athman, mwenyeji wa palepale, aliyekagua visima, vyoo na mikahawa, na aliyependa taarab kiasi cha kukasirika gari likikohoa katikati ya fidla. Mara ya kwanza alipochagua nilimwambia kweli kwamba nasikia sauti nzuri lakini sioni kinachomfanya atikise kichwa.

"Kwa sababu wewe wasikiliza ala, ndugu yangu," akaniambia. "Sikiliza maneno. Huyu hamwimbii kila mtu. Amwimbia jirani yake, na jirani mwenyewe yumo ukumbini, amekaa, amejipamba. Wote wajua isipokuwa wewe."

Akarudisha wimbo, jambo lililokuwa kinyume cha sheria, akanisomea mstari mmoja baada ya mwingine. Nilipoanza kuelewa nilicheka peke yangu mpaka nikapunguza mwendo. Tangu siku hiyo sikuweza tena kusema muziki fulani haunihusu. Niliona ni afadhali kuuliza.

Tulihamishiwa Garsen pamoja, Bwana Athman na mimi, na Garsen ndiko nilikomalizia kazi. Kazi kubwa ilikuwa safari ya Malindi. Mara moja kwa mwezi tulipeleka sampuli za maabara, tukachukua dawa na chanjo, na tukabeba wagonjwa wa rufaa, yaani wale waliohitaji daktari ambaye Garsen hatukuwa naye. Muuguzi wa safari alikuwa Sista Habiba, binti wa Kiorma aliyesoma shule za bweni tangu utotoni. Yeye alichagua muziki wa kantri, ule wa Wazungu wa farasi na magitaa. Nilipomuuliza sababu alisema, "Wanaimba habari za ng'ombe, mvua na mtu aliyeondoka nyumbani. Nitafute nini zaidi?" Kijana wa maabara alikuja na rege. Mhasibu mmoja aliyeomba lifti mara moja tu alikuja na kwaya ya upande wetu wa mto, na Bwana Athman akamuuliza maswali mpaka Gongoni kwa nini sauti nzito zinaingia zikiwa zimechelewa. Kanda zikageuka sidii, sidii zikageuka vijikadi vidogo kama ukucha, na redio ikabadilishwa ili ivipokee. Sheria haikubadilika.

Watu walianza kubishana nani alichagua nini safari iliyopita. Ndiyo maana nikaanza kuandika kwenye safu ya Maelezo: "Garsen hadi Malindi, taarab, pande zote mbili." "Malindi hadi Garsen, kantri, wimbo wa sita umependwa na wawili." Sikuona ubaya. Safu ilikuwa tupu, na maelezo yalikuwa ya kweli.

Katika miaka hiyo ndipo tulipoanza kumbeba Mzee Barisa. Alikuwa mfugaji wa Kiorma, mtu mrefu mwenye macho yaliyokuwa yakifa kwa presha ya ndani ya jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia madaktari wa Malindi walikuwa wakipigania kilichobaki. Kipindi hicho watu wa mto na watu wa ng'ombe hawakuwa wakiangaliana vizuri, na wanawe hawakutaka apande gari linaloendeshwa na Mpokomo kama mimi. Walisimama kando ya barabara mpaka tulipoondoka, na mmoja alinitazama kama anayenakili uso wangu. Safari ile ya kwanza mzee alikaa nyuma, karibu na Sista Habiba, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Siku hiyo Bwana Athman ndiye aliyekuwa mbele na taarab yake.

Tulipofika Malindi, kabla hajashuka, mzee aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii mama ya kuimba, nani amemkosea?"

Bwana Athman aligeuka mzima mzima. "Umejuaje kama amekosewa?"

"Nasikia. Ng'ombe mwenye kidonda anatembea hivi."

Mwezi uliofuata Bwana Athman alimpa kiti chake cha mbele. Nikamweleza mzee sheria, naye akasema hana albamu. Alichokuwa nacho ni redio ya betri tu. Basi kila mwezi mmoja wetu alimwazima yake ili aichague kama yake. Alisikiliza rumba, kwaya, rege na kantri, uso umeelekea mbele kana kwamba anaiona barabara. Aliuliza kila kitu. Kwa nini ngoma imekwenda mbali hapa? Huyu wa pili ni ndugu yake huyu wa kwanza? Kwa nini watu wa kwaya wote wanavuta pumzi pamoja, nani amewaambia? Maswali mengine tulipelekana nayo nyumbani na kurudi nayo mwezi uliofuata. Nilianza kuingoja safari ya Malindi kwa sababu yake. Wanawe nao waliacha kusimama barabarani, alisindikizwa na binti yake tu, aliyemfunga shuka vizuri na kuniambia, "Baba alale mapema akirudi, anaongea usiku kucha habari za gari lenu."

Siku moja Sista Habiba alimwambia, "Baba, umekula za wote. Sasa tunataka yako."

"Nitaleta," akasema.

Kabla hajaleta, tuliletewa Msimamizi wa Usafiri mpya. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kusoma vitabu vya safari vya miaka yote. Aliniita ofisini. Kitabu changu kilikuwa wazi mbele yake.

"Soma hapa," akasema.

Nikasoma: "Rege, wimbo wa mwisho umeleta ubishi."

"Hii ni ripoti ya gari?"

"Ni maelezo, bwana."

"Maelezo ni pancha. Maelezo ni daraja limekatika. Gari la serikali si harusi. Tangu leo redio hiyo haiwashwi, na nikisikia imewashwa utaniandikia barua ya kujieleza."

Sikumlaumu sana. Alikuwa ameona magari yakiharibiwa kwa mchezo kwingine, na aliogopa wakaguzi. Lakini safari zilibadilika mara moja. Kila mtu alivaa visikizi vyake masikioni na kutazama dirisha lake. Tulifika Malindi kila mmoja na muziki wake, na hapakuwa na la kuulizana.

Mwezi ulipogeuka, Msimamizi aliamua kusafiri nasi mwenyewe kuangalia namna tunavyopokea dawa. Alikaa mbele. Bwana Athman na Sista Habiba walikuwa nyuma. Tulimchukua Mzee Barisa, aliyekuwa amekosa safari iliyopita, mahali pake pa kawaida, akapanda nyuma, akasalimia kila sauti aliyoitambua. Tulipopita Minjila alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na kijikadi.

"Jilo," akaniita. "Leo nimekuja na yangu."

Nilimwangalia kwenye kioo. "Mzee, siku hizi tunasafiri bila muziki."

Akauliza kwa upole, "Nani amekufa?"

Msimamizi aligeuka kumtazama.

"Ni muziki gani huo, mzee?"

"Ya kisima. Mimi na ndugu zangu tumeimba. Tumerekodi siku nne, kwa simu ya binti yangu. Kwanza ng'ombe wanakuja na kiu, mwisho wanaondoka. Iko kumi na moja. Nimepanga."

Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini na sikuwa nimewahi kupata barua ya onyo. Nilikuwa pia na watoto wawili bado shuleni. Nilipunguza mwendo, nikaegesha pembeni, nikanyoosha mkono nyuma, na mzee akaniwekea kile kijikadi kiganjani.

"Bwana," nikamwambia Msimamizi, "barua ya kujieleza nitaiandika tukifika."

Akarudisha macho barabarani. Nikawasha redio.

Kwanza zilisikika kwato, nyingi, na nzi, na mtu akikohoa. Kisha maji yakimwagwa kwenye hori. Sauti moja ikaanza chini ya kisima, yenye mwangwi, na nyingine zikaipokea kutoka juu, kwa mwendo wa mikono inayopokezana ndoo. Sikujua Kiorma zaidi ya salamu na bei ya mbuzi. Sista Habiba alitafsiri: huu unawaita ng'ombe weusi, huu unawaambia ndama wangoje, huu unamsifu dume aliyeongoza wenzake siku ya ukame. Wimbo wa nne alitafsiri nusu, akaacha. Nilimwona kwenye kioo amefunika mdomo kwa ushungi.

"Huu baba yangu alituimbia nikienda shule," akasema baadaye. "Nilidhani ameutunga yeye, kwa ajili yetu. Sijawahi kusimama kisimani wanaume wakiimba. Sikujua una mwisho."

Wimbo wa saba ulikuwa na sauti ya mzee peke yake. Sista Habiba alianza kuutafsiri kama nyingine. "Anamsifu ng'ombe mweupe asiye na pembe. Anakula tope na hanenepi. Anawabeba wagonjwa mgongoni na harushi teke." Akacheka. "Ni hili gari. Sasa anawataja. Mtu wa Kipini ambaye nyimbo zake zinalia bila machozi. Binti wa Kiorma aliyeolewa na gitaa la Wazungu. Jilo, mtoto wa mto, ambaye anaendesha kwa masikio."

Nilishika usukani kwa nguvu, nikawa natazama barabara bila kuiona vizuri, jambo ambalo dereva hapaswi kulikiri. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya wimbo wa mtu. Na mwenye wimbo alikuwa mtu ambaye wanawe, mwaka mmoja tu nyuma, hawakutaka apande gari langu.

Msimamizi akageuka. "Mimi simo?"

Sista Habiba akamuuliza mzee kwa Kiorma, kisha akatuletea jibu. "Anasema hakukujua. Anasema ukikaa, utaingia."

Tulisikiliza zote kumi na moja. Mwishoni kwato zilikwenda mbali mpaka ukabaki upepo kwenye simu. Kwa mazoea nikauliza kila mmoja ataje wimbo wake. Bwana Athman alitaja wa pili, kwa sababu ya mwangwi. Sista Habiba hakuhitaji kutaja. Msimamizi alifikiri mpaka tukaona nyumba za kwanza za Malindi, akasema, "Wa kumi. Ndoo zinapungua mwendo. Wamechoka, lakini hakuna anayesema amechoka."

Jumatatu, baada ya kuwasilisha barua yangu ya kujieleza, niliitwa ofisini. Barua ya onyo ilikuwa imepigwa chapa tayari, na jina langu halikukosewa hata herufi moja. Nikatia saini kuipokea. Alipokuwa akiiweka kwenye faili aliniambia bila kuinua macho, "Kwenye safu ya Maelezo uandike barabara na matairi tu." Hakutaja redio. Amri yake haikufutwa, na mimi sikumuuliza. Safari iliyofuata niliiwasha, na iliyofuata hiyo pia, na alipopanda nasi tena alikuja na kanda ya zamani ya benga aliyoihifadhi tangu akiwa chuoni. Ilitubidi tutafute mtu Garsen wa kutuhamishia kwenye kijikadi.

Jicho la kulia la Mzee Barisa liliokolewa kiasi cha kuona mlango na kivuli cha mtu. Baadaye dawa yake ilianza kupatikana Garsen, na kwa sababu hiyo njema tukampoteza kama abiria. Nilikutana naye siku za soko la mifugo, ameshikwa mkono na binti yake. Alilijua gari kwa mlio kabla hatujasimama, na swali lake lilikuwa moja kila mara: nani amekaa mbele leo, na amekuja na nini. Alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilikwenda msibani kwake, nikaketi na wanawe. Yule aliyenitazama barabarani ndiye aliyenipokea na kunitengea mkeka.

Nikiulizwa leo na madereva vijana nimejifunza nini, wengi hutazamia niwaeleze habari za tope la Garsen wakati wa mvua, na nina mengi ya kueleza kuhusu tope. Ila kilichonifaa zaidi ni kwamba nililazimika kusikiliza vitu nisivyovichagua mpaka mwisho, nikiwa na mtu anayevipenda pembeni yangu. Ukimsikiliza mtu albamu yake nzima, anakuambia mambo ambayo hungepata kwa kumuuliza habari zake. Sijui ni kwa nini. Nimelifikiria hilo tangu Bura na bado sina jibu la kutosha.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba fupi, kisha wakaamua nipelekwe nyumbani Ngao kwa gari la kituo. Dereva alikuwa binti aliyechukua nafasi yangu, Mwanamisi, mzaliwa wa Garsen, mwenye mkono mwepesi kwenye usukani kuliko wangu. Alinifungulia mlango wa mbele. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa upande ule.

"Mzee, leo wewe ndio abiria," akasema. "Chagua ngoma."

Nikafungua mdomo, nikakosa. Nilikuwa nimesikiliza za Daktari, za Bwana Athman, za Habiba, za mzee na za Msimamizi. Nilizijua mpaka mahali mwimbaji anapomeza mate. Yangu sikuwahi kuulizwa, wala kujiuliza. Tulifika Minjila nikiwa bado natafuta.

"Weka yako kwanza," nikamwambia.

Akaweka. Zilikuwa sauti za vijana, za haraka, kwa Sheng ambayo nilishika neno moja katika matano, na ngoma iliyokatika ghafla katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikamuuliza kwa nini imekatika.

"Haijasahau, mzee. Hapo wanangoja watu wajibu. Kwa shoo watu wote hujaza hapo."

"Wanajuaje cha kujaza?"

Akaanza kunieleza, nikauliza jingine, akarudisha mwanzo kunionyesha. Tuliipita njia ya kuingia Ngao wote wawili bila kuiona. Alipogundua alikanyaga breki, akaniuliza kama ageuze. Nikamwambia aendelee mbele kidogo, kwa sababu sikuwa nimeelewa bado.